Jua kwa Asia, Mvua kwa Maximilla

Kasulu,
15 Septemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Mwakeye, mama. Huku kwetu tumeamka salama. Apoline ameng'oka meno ya mbele na sasa hacheki mbele ya watu, anaziba mdomo kwa kiganja kama bibi harusi. Baba yake yupo, anafundisha, jioni anarudi na chaki mpaka kwenye nyusi. Mimi nashona. Wote wanakusalimu.

Nimeona nirudi kwenye barua, maana simu kati yetu imegeuka ugomvi. Mimi napaza sauti dukani mpaka wateja wanageuka, wewe unasema, "Husikiki, mwanangu," halafu unakata. Na umeme ukizimika, mnara nao unalala. Saidi wa basi la Kibondo amekubali kubeba. Anasema barua ya mama haina nauli.

Joto la mwaka huu limetushika vibaya. Watu wa hapa waliozoea kulala na blanketi mbili sasa wanalala na shuka tu, na redio inasema litaendelea hivyo mpaka mvua zishike. Kila nikijipepea nakuwaza wewe, kisha namshukuru Mungu kwamba kiangazi hiki kimekukuta kwenye nyumba mpya, si kwenye ile ya zamani iliyokuwa inakuangushia vumbi ndani ya chungu. Je, feni ya chumbani inazunguka vizuri? Usiuonee umeme huruma, feni iwashe mchana kutwa. Luku ikikaribia kwisha nitumie neno. Friji usilijaze mihogo. Na usiku ufunge mlango ulale ndani. Mambo ya kutandika mkeka uani yalikuwa ya zamani, sasa una nyumba ya kufunga kwa ufunguo.

Niandikie, mama. Nataka kusikia unavyoishi humo.

Mwanao,
Winifrida


Kibondo,
2 Oktoba 2024

Mwanangu Winifrida,

Barua yako nimeisoma kivulini, nikaikunja, nikaikunjua nikaisoma tena. Nimefurahi. Mwambie Apoline asizibe mdomo, mimi mwenyewe nina mapengo na nacheka hata kanisani. Mbuzi amezaa pacha. Padre mpya amewasili, anahubiri mpaka njaa inatushika. Jirani yetu Asia anakusalimu sana. Shadia wake huko Ujiji amejifungua mtoto wa kiume, kwa hiyo sasa ni bibi na hataki tulisahau hilo.

Kuhusu nyumba sina la kusema ila kushukuru. Wapitao barabarani wanasimama kuitazama. Vigae navifuta kila asubuhi mpaka naona uso wangu. Mlango unafunga sawasawa. Friji ni zuri umeme ukiwepo, na feni ni nzuri umeme ukiwepo. Ila umeme wenyewe siku hizi unakuja kama mgeni wa haraka, hujamaliza kumkaribisha ameshaaga. Ulivuma upepo mkali usio na mvua, ukaangusha nguzo kule bondeni. Mafundi walikuja wakahangaika juani, tukawapelekea maji ya kunywa, wakaurudisha. Kesho yake radi ikapiga, giza tena. Mtu hawezi kumlaumu fundi kwa kazi ya radi.

Unauliza ninavyolala. Nalala vizuri, mwanangu, mahali penye ubaridi. Usiwe na wasiwasi.

Nimempa Saidi mawese na unga wa muhogo akuletee. Unga ni wa shambani kwetu. Mawese yametoka kwa Asia, amekataa kabisa nimlipe.

Mungu akuzidishie kwa wema wako.

Mama yako,
Maximilla


Kasulu,
20 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Mwakeye. Mawese tumeyapata, na maharage ya jana yamelika mpaka sufuria ikabaki safi. Mshukuru Mama Shadia kwa niaba yangu, na umpe hongera ya mjukuu. Apoline ameanza kuota meno mapya, la kwanza limekuja limepinda.

Huku umeme umetupiga kwa namna yake. Ulikatika na mvua ya kwanza, na ulipokuja kurudi ulirudi kwa kishindo, taa zikawaka zaidi ya kawaida na cherehani yangu kubwa ikatoa moshi. Mota imeungua. Nimeazima ya miguu kwa jirani, nashona nayo sare za Januari, na jioni magoti yananiuma kama nimelima. Lakini si hilo ninaloandikia.

Juzi Saidi alinikuta dukani akasema, "Pole na kuuguliwa." Nikamuuliza nani anaumwa. Akaangalia chini. Nilipombana akasema alikuona wewe mjini Kibondo juu ya bodaboda, Mama Shadia amekushika kwa nyuma, kichwa chako kimemlalia begani na kanga zenu zinachuruzika maji, na mvua ilikuwa bado haijaanza kunyesha. Akaona mmeingia kituo cha afya. Alidhani ninajua.

Kuna na jingine. Nilimuuliza kama mlango wako unafungwa vizuri, maana fundi alinisumbua sana kuhusu kitasa. Akaniambia hajui, mizigo yote ninayokutumia huwa anaipeleka kwa Mama Shadia moja kwa moja. Nikamuuliza kwa nini. Akanishangaa.

"Si ndipo anapoishi?" akasema.

Mama, nimeshona miaka mingi kwa ajili ya nyumba ile, na wewe unajua. Nataka uniandikie kweli. Uliumwa nini? Na kama wewe unaishi kwa Mama Shadia, nani anaishi kwako?

Winifrida


Kibondo,
31 Oktoba 2024

Mwanangu,

Mwakeye. Watoto wa mbuzi wanakua. Nimesikitika kwa mota yako, na magoti yako uyakande kwa maji ya moto. Saidi usimkasirikie, amesema alichokiona.

Sasa nakueleza yote.

Ilikuwa Septemba, kabla sijakujibu barua yako ya kwanza, wiki ile umeme ulipokatika Jumapili ukagoma kurudi. Feni ikasimama. Nyumba yetu, mwanangu, bila feni mchana haikaliki. Bati linavuta jua lote, dari ya jipsamu iko karibu na kichwa, na yale madirisha yanafunguka nusu tu. Hata usiku ukiingia, ukigusa ukuta unaona bado una moto kama figa. Nilikuwa najimwagia maji na kulala juu ya vigae. Kutoka sikutaka. Nilijiambia, mtoto ameinama kwenye cherehani miaka yote hii, halafu watu wanione nimekaa nje kama niliyefukuzwa? Basi nikawa nafunga mlango na kukaa ndani, ili wapitao wajue kwamba naishi humo na nimeridhika.

Siku hiyo nilikuwa sebuleni nachambua maharage. Nakumbuka jasho lilikoma, nikafurahi, nikidhani joto limepungua. Kisha nikaona maharage yanatembea kwenye ungo. Kuanguka sikukumbuki.

Asia alikuja kuniuliza habari za kisimani. Akabisha hodi, kimya. Mlango umefungwa kwa ndani. Akazunguka dirishani akaniona sakafuni. Yule mwanamke, na umri wake ule, alikwenda kuchukua mchi akavunja kioo, akaingiza mkono akafungua komeo. Kioo hicho sikukuambia. Akaniburura mpaka kwake, na kutoka mlango wangu mpaka wake unajua ni mwendo. Akanilaza chini ya paa lake la nyasi, akalowesha kanga zake zote, na za harusi zikiwemo, akanifunika nazo na kunipepea. Nilipofumbua macho akawa ananinywesha maji yenye sukari na chumvi kwa kijiko. Nilikataa, akaninywesha hivyo hivyo, huku akinigombeza kwa Kiha ambacho siku zote anajidai hakijui.

Kituo cha afya walinitundikia dripu. Muuguzi alisema mwili ulikuwa umekauka, na kwamba ningecheleweshwa mpaka jioni wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Akanikataza kukaa chini ya bati mchana umeme ukiwa haupo.

Tuliporudi niliteremka kwenye pikipiki nikaelekea kwangu. Asia akanishika mkono.

"Mama Wini," akasema, "nyumba ni ya mwanao, lakini roho ni ya Mungu. Utalala kwangu."

Tangu siku hiyo nalala kwake. Nyumba yake unaijua, ile aliyoachiwa na marehemu mumewe, kuta nene za tofali za udongo na nyasi juu. Haina umeme wala haina habari nao. Mchana wa jua kali ukiingia mle ni kama umeingia chini ya migomba. Lakini mvua zilipoanza, nyasi zake zikavuja juu ya kitanda, na usiku mmoja akaniamsha tukakimbilia kwangu, yeye na godoro kichwani. Akasema sasa ni zamu yangu kumsitiri. Basi ikawa desturi bila mtu kuitunga. Jua kwa Asia, mvua kwa Maximilla. Tunahamahama toka kiwanja kimoja hadi kingine na vyombo vyetu kama kuku na vifaranga, na majirani wameshachoka kutucheka.

Usidhani sishukuru, mwanangu. Shukrani ndiyo iliyonifunga mdomo. Kila nilipotaka kukuandikia kwamba nyumba ina joto, niliiona mikono yako.

Nijibu upesi.

Mama yako,
Maximilla


Kibondo,
29 Desemba 2024

Mwanangu Winifrida,

Mwakeye, na heri ya Noeli iliyopita. Hukunijibu. Saidi kila akipita namtazama mikono kabla ya uso, naye amejifunza kusema "bado, mama" kabla sijamsalimu. Ameniambia mko wazima na kwamba unashona mpaka usiku. Nimeshukuru kwa hilo. Krismasi nilikula wali na Asia. Alimchinja jogoo mwenyewe ili aweze kumla, nami nikapika.

Sikuandikii ili nikulaumu. Ninalo jambo la kukushukuru nalo, na nimeona lisingoje.

Siku mbili kabla ya Noeli jua liliwaka toka asubuhi kama linatafuta mtu. Umeme ulikuwa umekwenda. Tulijilaza kwa Asia, madirisha wazi, yeye anasinzia, mimi nasali rozari. Mchana ukapinduka. Upande wa Gwarama likapanda wingu jeusi, na chini yake jekundu, sijawahi kuliona la namna hiyo. Nikamwamsha Asia twende kwangu. Akasema wingu la namna hiyo huwa linapita, na kwamba amechoka kubeba godoro. Nikamwambia zamu ni zamu. Akageukia ukutani.

Nikamvuta kanga. Nilimwambia, "Asia, uliponivunjia dirisha hukuniuliza kama nimechoka."

Aliinuka akinuna. Hatujafika vizuri mlangoni kwangu upepo ukashuka, na nyuma yake mvua ya mawe. Mwanangu, kelele ya mawe yale juu ya bati hata mimi nisiyesikia vizuri niliisikia kifuani. Nguzo ya barabarani iliinama. Tulikaa chini ya meza, yeye na dua zake, mimi na zangu, tumeshikana mikono. Nilikuwa nalitazama paa nikingoja liondoke. Halikuondoka. Hapo nikakukumbuka ulivyogombana na fundi kuhusu misumari, ukapanda mwenyewe kwenye kenchi za paa kuihesabu, mimi nikaona aibu mbele ya watu kwa binti yangu mkali hivi. Namwomba Mungu anisamehe ile aibu. Paa lako lilikaa.

Mvua ilipokatika tulitoka. Ukuta wa chumba cha Asia ulikuwa umelala juu ya kitanda chake, na nyasi zote na miti ya paa juu ya ukuta. Pale alipokuwa amegeukia, ndipo palipoangukia tofali.

Asia alisimama akitazama, ameziba mdomo kwa kanga. Kisha akasema, "Alhamdulillahi," akaenda kuwatafuta kuku wake.

Sasa anaishi kwangu, jua na mvua. Jua likizidi tunakaa nyuma ya jiko, tunahama na kivuli. Shadia amepiga simu anataka mama yake ahamie Ujiji. Asia hajasema ndiyo wala hapana. Mtu akiitwa na mtoto wake, jirani atasema nini?

Nakushukuru kwa misumari. Hiyo ndiyo habari.

Mama yako,
Maximilla


Kasulu,
12 Januari 2025

Mama yangu,

Mwakeye. Tuko wazima. Apoline meno yamejaa na sasa anacheka hovyo hata pasipo na kichekesho. Sare zote zimekwisha, shule zimefunguliwa, na magoti yangu yamepumzika. Barua yako niliisomea kaunta, mteja akanikuta nalia, akadhani nimefiwa.

Nilikukasirikia, mama, na sitakudanganya. Ile barua ya Oktoba nilianza kuijibu mara nyingi, na kila nilipofika neno "nyumba" kalamu ikasimama. Kwanza niliona umenidharau. Baadaye nikaikasirikia nyumba yenyewe. Halafu huku nako joto likapanda, umeme ukakosekana, na siku moja nikajikuta nimeitoa cherehani ya miguu nje, nashonea chini ya upenu, maana ndani ya duka langu la bati nilianza kuona kizunguzungu na uzi unaonekana mbili. Nikakaa pale nje nikakuona wewe umejifungia na ungo wa maharage ili watu wajue umeridhika. Tangu siku hiyo sikuwa na hasira tena, lakini nilikuwa sijui nikuandikie nini.

Kioo kisirudishwe. Mwambie fundi aweke wavu wa mbu, upepo uingie.

Kuanzia hapa, mama, msomee Mama Shadia.

Mama Shadia, shikamoo. Mimi ni Wini, yule uliyekuwa unamfukuza kwenye mapera yako. Umenirudishia mama. Nimetafuta la kukupa na sioni kinacholingana, kwa hiyo sitatoa kitu, nitaomba tena. Nimesikia Shadia anakuhitaji Ujiji na ana haki. Lakini kama moyo wako uko Kibondo, niruhusu nijenge ubavuni mwa nyumba ya mama, upande unaotazama kiwanja chako, chumba chako na baraza pana la mbele. Kuta nene kama zilizoanguka, ila safari hii msingi uwe wa mawe. Juu nyasi, siyo bati. Mlango uwe wako na ufunguo uwe wako. Joto likija mama awe mgeni wako kama alivyokuwa, na mvua ikizidi uwe mgeni wake, bila kubeba godoro uwanjani. Si malipo, Mama Shadia. Mimi naomba tu mama yangu asibaki bila wewe.

Wenu nyote wawili,
Winifrida


Kibondo,
9 Februari 2025

Mwanangu Winifrida,

Mwakeye. Nilipoiona barua mkononi mwa Saidi nilikaa chini palepale stendi nikaisoma, na yeye akangoja na basi lake, abiria wakanung'unika. Ndizi zimekomaa. Umeme upo leo, jana haukuwepo, kesho Mungu anajua. Palipokuwa na kioo tumeweka wavu na kweli usiku hewa inapita.

Ile sehemu ya Asia nilimsomea kwa sauti jioni hiyohiyo. Akaniomba nirudie pale pa msingi wa mawe. Nikarudia. Akasema ahsante, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Siku zikapita. Mimi sikumuuliza. Alikuwa anazungumza na Shadia kwenye simu muda mrefu, anatoka nje kwenda kuzungumzia kwenye kifusi cha nyumba yake. Alifungasha vyombo vyake kwenye sanduku, nikamsaidia kukunja nguo, na zile kanga za harusi nilizikunja mimi. Nilisema tu kwamba Ujiji kuna samaki wazuri. Akasema ndiyo, wapo. Usiku ule sikulala, lakini nilimwombea safari njema, na niliomba kwa moyo wote, kwa sababu nisingekuwa hai kumwombea kama si yeye.

Asubuhi nikamkuta uwanjani na mundu mkononi, amejifunga kanga kiunoni. Akaniambia kuna watu wanauza nyasi kule bondeni, na kwamba vijana wa siku hizi wanazikata mbichi zinaoza kabla ya mwaka.

"Mwandikie mtoto," akasema. "Nyasi nitazichagua mwenyewe."

Basi ndilo jibu, mwanangu. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kidogo, nikarudi nikachukua mundu wangu.

Shadia amekubali. Atakuwa anakuja Idi na mtoto wake. Asia amesema tofali zake zisizovunjika zitumike, hataki zibaki kwenye kifusi. Fundi wa mawe tumempata. Wewe usijibane sana, jenga polepole, sisi hatuna haraka, tuna kivuli cha jiko.

Nashukuru kwa barua. Nashukuru zaidi kwamba umerudi.

Mama yako,
Maximilla


Kasulu,
14 Machi 2025

Mama zangu,

Mwakeye, na mfungo mwema kwenu nyote, wa Kwaresma na wa Ramadhani. Saidi ananiambia jioni mnangojeana, mmoja hagusi uji mpaka mwenzake afungue. Ameniambia pia kuta zimefika usawa wa dirisha na kwamba Mama Shadia anamsimamia fundi vikali kuliko mimi.

Mota ya cherehani imesukwa nyaya upya. Nikiona wingu linapanda nachomoa waya ukutani, na umeme ukirudi nangoja kwanza utulie. Ya miguu sijairudisha, nimeomba niinunue. Duka nimelitolea baraza la makuti mbele, na wateja sasa wanakuja hata wasio na nguo za kushona.

Pasaka nakuja na Apoline. Baba yake atafuata, ana mitihani ya kusahihisha. Msipike sana.

Winifrida


Kibondo,
4 Mei 2025

Mwanangu Winifrida,

Mwakeye. Saidi amesema mlifika salama na kwamba Apoline alilala njia nzima. Tangu mwondoke uwanja umekuwa mkubwa. Mbuzi wamekula daftari alilosahau, usimgombeze. Shadia ametuletea mjukuu kumwona bibi yake, mtoto mnene, amelia usiku kucha tukafurahi.

Ulipoaga ulisema unaona aibu kwamba ulikuja kutusaidia ukaishia kulala. Nimelifikiria neno hilo na nimeona nikueleze jambo usilolijua, maana ulikuwa usingizini.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Umeme ulikwenda na radi ya usiku, na kufikia adhuhuri jua lilikuwa linachoma hata kuku wamepanua mbawa. Ulikuwa umefua, umefagia, umepanda kwenye baraza kukagua fito za paa, na Asia amekukaripia ushuke. Ukasema unajinyoosha kidogo kwenye mkeka katika chumba chake kipya. Nikadhani ni kidogo kweli.

Nikaandaa chakula. Kikapoa. Nikaenda kukuamsha, nikamkuta Asia amekaa mlangoni mwake kama askari. Nikamwambia mtoto hajala tangu asubuhi. Akasema mtoto hajalala tangu alipoanza kushona. Tukabishana hapo kwa kunong'ona, na unajua kunong'ona kwa kiziwi kukoje, Apoline akatucheka. Asia akashinda. Akaniambia nisogee nikae, baraza ni pana.

Tukakaa. Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya nyasi mpya. Ulikuwa umelala chali, mikono wazi, kama ulivyokuwa unalala udogoni kabla hujajua kazi ni nini. Sijakuona hivyo miaka mingi. Majirani wawili walikuja kujikinga jua, tukawaonyesha kwa kidole kwamba kuna mtu amelala, wakavua viatu wakakaa nasi. Baadaye mvua ikaanza taratibu upande wa kwangu, kwenye bati, kisha ikahamia kwenye nyasi ikanyamaza. Asia akakufunika kanga, akarudi kukaa.

Chumba ulitujengea sisi, mwanangu, lakini siku ile tulikuwa tunakutazama tu unavyopumua, na hakuna mmoja wetu aliyetaka uamke.

Mama yako,
Maximilla